Tathmini: Kura za maoni kwa simu Nairobi, na swali la Rais wakati wa janga

Ukitaka kujua wakazi wa Nairobi wanamwonaje Rais wakati ugonjwa umefunga mji, huduma inayofaa kununuliwa ni moja: wahojaji wa kampuni ya utafiti wanaompigia simu mtu mmoja mmoja na kurudia maswali yale yale kila baada ya wiki chache. Tunaipendekeza kwa moyo wote kwa shirika la mtaa, chombo cha habari au ofisi ya kaunti inayotaka kuwasikia watu kabla ya kuwapangia mambo. Ila namna inavyouzwa mara nyingi, asilimia moja kubwa kwenye ukurasa wa kwanza ikisema ni wangapi wanaoridhika na Rais, ndiyo sehemu yake hafifu kuliko zote. Thamani iko ndani, kwenye majedwali ambayo wanunuzi wengi hawayaombi, na kwenye mambo madogo ya simu yenyewe: nani alipokea, alikuwa wapi, alidhani anaongea na nani, na neno gani lilitumika kumuuliza.

Janga la korona, Rais akiwa Uhuru Kenyatta, ndilo lililoipima huduma hii. Kisa cha kwanza nchini kilitangazwa 13 Machi 2020, kafyu ikaanza 27 Machi, na jioni ya 6 Aprili Nairobi ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Utafiti wa ana kwa ana ukasimama. Afrobarometer, mtandao wa kupima maoni ya watu barani Afrika, ambao hapa nchini hufanya kazi na taasisi ya masomo ya maendeleo (IDS) ya Chuo Kikuu cha Nairobi na huketi na watu 2,400 majumbani mwao, ilihoji Wakenya mwaka 2019 na haikurudi mpaka Novemba 2021, kafyu ikiwa tayari imeondolewa tangu 20 Oktoba. Yaani kipimo kizuri kuliko vyote tulivyo navyo kina picha ya kabla na picha ya baada. Ya katikati hakina.

Pengo hilo lilizibwa na simu. Mwishoni mwa Machi 2020, shirika la utafiti la Population Council liliwapigia watu wapatao 2,000 wa Kibera, Mathare, Huruma, Dandora na Kariobangi, likitumia nambari lililokuwa nazo kutokana na tafiti za awali. Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, likaanza duru zake za simu kuhusu hali ya kaya mwezi Mei. Kampuni za utafiti za hapa mjini, TIFA na Infotrak zikiwemo, nazo zikauliza watu wanavyozichukulia hatua za serikali. Kazi hiyo yote ilionyesha kwamba simu inaweza kufika mahali ambapo gari haliruhusiwi kupita. Ilionyesha pia inapokwama.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mnunuzi na kampuni hukubaliana hojaji ya maswali 15 hadi 20, isiyozidi dakika 15. Ukipita hapo mtu anaanza kujibu ili akate simu. Hojaji hutafsiriwa kwa Kiswahili, na kwa mji huu pia kwa Kisomali kama Eastleigh imo kwenye sampuli. Hufuata simu 20 au 30 za majaribio, kisha siku moja ya kuwafunza wahojaji, kisha siku tatu au nne za kupiga. Msimamizi husikiliza rekodi au huwapigia upya sehemu ya waliohojiwa, angalau mmoja katika kila kumi, athibitishe kwamba mahojiano yalifanyika kweli. Mwisho huja kusafisha data, kuweka uzani (kuongeza au kupunguza uzito wa kila jibu ili sampuli ifanane na mji), na majedwali. Kampuni inayokuahidi matokeo kesho yake imeruka hatua, na mara nyingi iliyorukwa ni ya majaribio au ya ukaguzi.

Swali la kwanza la kuwauliza: nambari mnazitoa wapi? Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kubahatisha: kompyuta inachukua tarakimu nne za mwanzo, tuseme 0722, na kuunganisha sita nyingine bila mpangilio. Kila mwanzo una nambari milioni moja zinazowezekana, na nyingi hazipatikani au hazijawahi kusajiliwa, kwa hiyo maelfu hupigwa ili kupata mamia. Faida yake ni kwamba kila mwenye laini ana nafasi. Hasara ni kwamba nambari haikuambii mtu anakaa wapi, na mwenye laini mbili, ya Safaricom na ya Airtel, ana nafasi maradufu. Lazima aulizwe ana laini ngapi ndipo hesabu irekebishwe. Njia ya pili ni orodha ya watu waliowahi kuhojiwa, ambao mtaa wao unajulikana. Ni ya haraka na watu hukubali kuongea, lakini orodha huzeeka. Anayepoteza kazi hubadilisha laini, huhama chumba, au hurudi ushago.

Na hapo ndipo kura nyingi za Nairobi za wakati wa janga huharibika kimyakimya. Waliotangulia mashambani kabla ya 6 Aprili 2020 walikwama huko mpaka vizuizi vilipoondolewa alfajiri ya 7 Julai. Ukimuuliza mtu kama huyo "Unaishi wapi?" atakujibu Kayole, kwa sababu nyumba na vyombo viko Kayole. Lakini kafyu anayoijua yeye ni ya kijijini, na njaa anayoizungumzia si ya Kayole. Swali linalofanya kazi ni fupi: "Jana usiku ulilala wapi?" Likose kwenye hojaji, na hutajua kamwe ni wangapi kati ya "wakazi wa Nairobi" walikuwa Murang'a au Kisii.

Kuhusu ukubwa wa sampuli, usinunue zaidi ya unachohitaji, wala chini yake. Watu 600 waliochaguliwa vizuri wanakupa kiwango cha makosa cha takriban asilimia 4 juu au chini. Ukienda 1,200, gharama ya simu inakaribia kuongezeka mara mbili na kiwango kinashuka hadi 2.8. Kwa Nairobi peke yake, 600 kila baada ya wiki tatu zina faida kubwa kuliko 1,800 mara moja, kwa sababu wakati wa janga unachotafuta ni mwendo wa maoni. Tahadhari ni moja: kura ya taifa zima haikuambii lolote la uhakika kuhusu Nairobi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika kaunti hii kati ya milioni 47.6 wa nchi nzima, kama asilimia 9. Kwenye sampuli ya taifa ya watu 1,500, Nairobi inapata 139 hivi, na kiwango cha makosa kwao kinazidi asilimia 8.

Hata hao 600 wa Nairobi wagawe uone. Kwa idadi ya sensa, Embakasi yenye watu 988,808 inachukua 135, Kasarani 107 hivi, Njiru 85. Kibra, ambayo kwenye mipaka ya sensa ilikuwa na watu 185,777, inapata 25. Watu ishirini na watano! Kiwango cha makosa hapo ni karibu asilimia 20 juu au chini. Kichwa cha habari kinachosema "wakazi wa Kibra wamemkataa Rais" kikitoka kwenye jedwali kama hilo kinawadhulumu watu wa Kibra, maana hawakuulizwa. Ukitaka Kibra izungumze, lipia sampuli ya ziada ya watu 200 kutoka huko, kisha uipunguze uzani unapohesabu jumla ya mji.

Wanawake ndio pengo la pili. Simu ya nyumba mara nyingi hushikwa na mwanamume, na nambari ikibahatishwa, sauti inayopokea ni yake. Tuseme kati ya watu 1,000 waliohojiwa wanawake ni 300 tu. Kampuni itawapa uzani wa 1.67 kila mmoja na wanaume 0.71, na jedwali litaonekana sawa. Lakini uzani una bei: sampuli yako ya 1,000 sasa ina nguvu ya 840, na kiwango cha makosa kimepanda kutoka 3.1 hadi 3.4. Hilo si baya sana. Baya ni kwamba wale 300 ni wanawake wenye simu zao wenyewe, na maoni yao yanasimama badala ya mwanamke anayeazima simu ya jirani. Dawa ni mhojaji kuomba, kwa kila simu ya pili, kuongea na mwanamke mtu mzima wa nyumba hiyo, na kupiga tena jioni akiwa hayupo. Ni kazi ya kuchosha na kampuni nyingi huikwepa. Iandikwe kwenye mkataba.

Sasa simu yenyewe. Mtu wa Nairobi akiona nambari asiyoijua, wazo la kwanza ni wakora wa Kamiti, matapeli wanaopiga simu kutoka gerezani. Kampuni inayojua kazi hupiga kwa nambari chache zilizosajiliwa kwa jina lake Truecaller, programu inayomwonyesha mtu ni nani anayepiga. Isiyojua, baada ya siku mbili nambari zake zinatokea na alama nyekundu na simu zinakatwa zikiita. Saa nazo zina maana. Asubuhi unapata wasio na kazi na walioajiriwa ofisini. Mama mboga na mtu wa mjengo hupatikana jioni. Wakati kafyu ilikuwa saa moja usiku, saa ya dhahabu ilikuwa kati ya saa moja na saa mbili na nusu, kila mtu akiwa ndani. Ilivyosogezwa hadi saa tatu mwezi Juni 2020, saa hiyo ilihama, na kampuni ambazo hazikuhamisha ratiba zilibadilisha aina ya watu wanaowapata bila kujua. Kila nambari ipigwe mara nne au tano, siku na saa tofauti, kabla ya kuachwa.

Maneno ya kufungulia yawe machache na yaondoe hofu tatu kwa mpigo. Mfano unaofaa: "Hujambo. Naitwa fulani, nafanya kazi na kampuni ya utafiti hapa Nairobi. Sisi si serikali, si chama cha siasa, na hatuandikishi watu wa msaada. Sitakuuliza kitambulisho wala pini ya M-Pesa. Naomba dakika kumi na mbili. Ukitaka kuacha wakati wowote, sema tu." Sentensi ya msaada si ya kupuuzwa. Tarehe 10 Aprili 2020 watu walikanyagana Kibera wakigombea chakula. Katika hali kama hiyo, anayekupigia na kukuuliza mna watoto wangapi na mmekula mara ngapi anasikika kama mwenye orodha. Mtu atalainisha maneno, amsifu Rais, amsifu chifu, asije akakosa unga. Afrobarometer wana mazoea mazuri ya kumuuliza mhojiwa mwishoni anadhani ni nani aliyemtuma mhojaji. Wengi hujibu kwamba ni serikali. Dai swali hilo liwemo kwenye hojaji yako, kisha omba jedwali la Rais ligawanywe kwa jibu lake. Waliodhani ni serikali wakimpa Rais alama za juu kuliko wengine, umeona ukubwa wa woga kwa macho yako.

Na usiruhusu mhojaji aite kazi hiyo "kura ya maoni". Jina hilo linatosha kwetu tunaosoma magazeti, lakini mwishoni mwa 2020, ripoti ya BBI, mpango wa kubadilisha katiba, ilipokuwa ikinadiwa, masikioni mwa wengi lilikuwa refarenda. "Utafiti" inatosha.

Tufike kwenye neno lenye uzito kuliko yote: serikali. Hojaji nyingi huuliza "Unaridhika kiasi gani na jinsi serikali inavyoshughulikia korona?" kisha ripoti inaandika jibu kama sifa au lawama kwa Rais. Mtaani, serikali ni polisi. Ni chifu, ni askari wa kanjo, yaani wa kaunti, ni gari la kijani linalozunguka baada ya saa ya kafyu. Tarehe 30 Machi 2020, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko wakati polisi wakitekeleza kafyu. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliwaomba Wakenya radhi kwa nguvu kupita kiasi iliyotumika. Mkazi wa Mathare akiulizwa juu ya "serikali" juma lile, jibu lake ni kuhusu rungu. Mkazi wa Lavington akiulizwa neno lile lile, jibu lake ni kuhusu hotuba ya runinga na taarifa za kila siku za Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe. Ukiwajumlisha na kupata asilimia 58, umejumlisha vitu viwili visivyofanana.

Kwa hiyo maswali yawe manne, kila moja na mtu wake: Rais, Waziri wa Afya, polisi wanaotekeleza amri, na hospitali au kituo cha afya kilicho karibu. La Rais linaweza kuulizwa hivi: "Nikimtaja Rais peke yake, si polisi, si chifu, si hospitali: kwa mwezi huu uliopita, kazi aliyofanya kuhusu korona ni nzuri sana, nzuri kiasi, mbaya kiasi, au mbaya sana?" Chagua "kazi aliyofanya" na uepuke "unakubaliana na Rais", kwa kuwa kukubaliana na Rais wakati wa amri husikika kama kutii, na nani atamwambia mgeni kwenye simu kwamba hatii? Epuka pia "unaunga mkono". Hilo ni neno la kampeni na linamrudisha mtu kwenye chama chake. Mpangilio wa majibu ubadilishwe nusu kwa nusu, nusu ya wahojiwa waanziwe na "mbaya sana", kwa maana kwenye simu mtu hushika chaguo alilosikia mwisho. "Sijui" na "sitaki kujibu" ziandikwe mbali mbali. Kwenye swali la Rais, ongezeko la wanaokataa kujibu ni habari nzito, na ripoti inayoyaunganisha hayo mawili inaifuta.

Mahali pa swali nako kunabadilisha jibu. Ukianza na kodi ya nyumba, mlo wa jana na kazi iliyopotea, kisha ukamleta Rais, umempandisha mhojiwa hasira kabla ya kumuuliza. Ukianza na Rais, umempa nafasi ya kutoa maoni ya jumla ambayo hata hajayafikiria. Hakuna mpangilio usio na kosa; tunashauri Rais atangulie, na mpangilio usibadilike duru hata moja. La chama au mgombea liwe la mwisho kabisa.

Hilo la siasa lina sababu yake. Mwaka 2020 chama tawala cha Jubilee kilikuwa kimepasuka kati ya Rais na naibu wake William Ruto, na mpinzani wake wa zamani Raila Odinga alikuwa upande wa Rais tangu waliposalimiana kwa maridhiano Machi 2018. Mtu akisema Rais ameshindwa na korona, huenda anasema juu ya barakoa, au juu ya Ruto. Njia ya kutenganisha ni kulinganisha majibu yake kuhusu Rais na yale kuhusu hatua zenyewe, moja moja: kufunga shule, kafyu, kufunga mji, kushusha kodi. Anayeunga kila hatua na bado akampa Rais "mbaya sana" anakuambia siasa. Anayempenda Rais na kuilaani kafyu anakuambia tumbo.

Tumbo ndilo jedwali tunalolithamini kuliko la umri, elimu au kabila. Dai wahojiwa wagawanywe kwa aina ya kipato: mshahara wa mwezi, kibarua cha siku, biashara ndogo, asiye na kipato. Angalia tangazo la 25 Machi 2020. Waliokuwa wakipata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi waliondolewa kodi ya mapato yote, na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ikashuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Mwenye pesilipu aliiona nafuu hiyo mwisho wa mwezi. Kibarua wa Industrial Area aliyelipwa mkononi hakuwa na kodi ya kupunguziwa, ila siku yake ya kazi ilikatwa na kafyu ile ile iliyotangazwa katika hotuba hiyo hiyo. Hotuba moja, mitaa miwili, na wastani wake haumwelezi yeyote.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau ni tarehe. Soma siku za kupiga simu kabla ya kusoma asilimia yoyote. Kura iliyopigwa kuanzia 24 hadi 29 Machi 2020 ni kura mbili zilizoshonwa pamoja, moja kabla ya kafyu na moja ndani yake. Iliyopigwa Agosti 2020 imeangukia kashfa ya ununuzi wa vifaa vya korona katika KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa, na iliyopigwa baada ya 31 Agosti imemkuta Rais akiwa ameagiza uchunguzi ukamilike kwa siku 21. Ya Oktoba mwishoni imechanganyika na uzinduzi wa BBI. Ya Aprili 2021 imewakuta watu wa Nairobi, Kiambu, Kajiado, Machakos na Nakuru wamefungiwa tena tangu 26 Machi, huku chanjo zikiwa zimeanza kutolewa mwezi huo huo wa Machi. Kampuni nzuri huandika tarehe kwenye kila ukurasa na hukubali kusimamisha kazi siku moja Rais akihutubia, ili majibu ya kabla na ya baada yahesabiwe kando.

Usishtuke pia alama za kiongozi zikipanda mwanzoni mwa janga. Ni jambo linalojulikana: watu wakiogopa hujikusanya nyuma ya aliye mbele. Mwanazuoni wa Marekani John Mueller aliliandikia mwaka 1970 akichunguza marais wa kwao, na mwaka 2020 lilionekana Italia kwa Giuseppe Conte na Ujerumani kwa Angela Merkel. Kupanda huko hakudumu, na wala si tuzo ya kazi nzuri. Ndiyo maana duru ya kwanza peke yake ni bidhaa duni. Kipimo chako ni duru ya tatu na ya nne.

Na duru zikilinganishwa, hesabu ifanywe sawasawa. Kwa mfano wa hesabu tu: duru moja ya watu 1,000 inampa Rais asilimia 60, inayofuata inampa 56. Wengi wataandika Rais ameporomoka. Kiwango cha makosa cha tofauti kati ya duru mbili kama hizo ni asilimia 4.3, kwa hiyo pointi nne zinaweza kuwa bahati ya nani alishika simu. Subiri duru ya tatu. Ikiwa 53, basi mwendo upo.

Kuhusu njia nyingine, kwa ufupi. Kura ya SMS ni nafuu na hufikia maelfu kwa saa chache, lakini ujumbe una herufi 160 pamoja na chaguo za majibu, hivyo lile swali la kumtenga Rais na polisi halitoshi humo; na wanaojibu ni vijana, wanaume, wanaosoma haraka. Inafaa kwa swali la ndiyo au la, kama "Umepata barakoa?" Kwa kumpima kiongozi, hapana. Kura za kubofya za vituo vya runinga kwenye mitandao zisiitwe utafiti hata kidogo. Hakuna sampuli, na kundi moja lenye bidii linaweza kuzijaza kabla ya chakula cha mchana. Ana kwa ana bado ni bora kuliko zote pale mji ulipo wazi, kwa kuwa mhojaji anaufikia mlango usio na simu.

Kabla ya kutia sahihi, dai yaandikwe haya kwenye mkataba: maneno kamili ya kila swali kwa kila lugha, idadi ya nambari zilizopigwa, zilizopokelewa na zilizokataa, namna uzani ulivyowekwa, na nani aliyelipa. Kwa kura za uchaguzi, sheria ya mwaka 2012 ya kuchapisha kura za maoni tayari inadai mengi ya hayo. Kura ya kumpima Rais juu ya ugonjwa huenda ikapita nje ya sheria hiyo, basi mkataba wako ndio uwe sheria. Ulizia kama kampuni ni mwanachama wa MSRA, chama cha watafiti wa soko na jamii. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ridhaa ya mhojiwa ichukuliwe kabla ya kurekodi, na nambari yake itenganishwe na majibu yake. Mtu aliyekuambia kwenye simu kwamba Rais amefanya vibaya, huku polisi wakipita nje ya mlango wake, amekukabidhi amana.

Omba pia faili ya data yenyewe, nambari za simu zikiwa zimeondolewa, pamoja na safu ya tarehe na saa ya kila simu. Kampuni ikisita kukupa faili hiyo, usilipe awamu ya mwisho. Na hojaji ihifadhiwe kama ilivyo, koma kwa koma, kwa ajili ya ugonjwa unaofuata. Mpox ilipothibitishwa nchini Julai 2024, aliyekuwa na hojaji ya 2020 mezani angeweza kuanza kupiga simu juma lile lile.